Si kila maumivu ya hedhi ni ya kuvumilia

Ugonjwa wa endometriosisi una njia kadhaa za kutulizwa bila kutumia homoni. Je, ni zipi, na zina hatari gani?

"VUMILIA tu, ukizaa yatakwisha."

Hayo ndiyo maneno ambayo msichana anayejikunja kwa maumivu ya hedhi huambiwa karibu kila mahali, kuanzia Mbita na Kendu Bay katika Kaunti ya Homa Bay hadi Rongo, Awendo na Isebania katika Kaunti ya Migori. Huambiwa na shangazi, huambiwa na mwalimu, na pengine huambiwa na mhudumu wa zahanati aliyetarajiwa kumsaidia. Naye huvumilia. Mwezi unaofuata hulala tena chini, hukosa masomo siku mbili au tatu, kisha hurudi darasani akidhaniwa kuwa mvivu au mwenye kudeka.

Ni kweli kwamba wanawake wengi huumwa kiasi wanapokuwa katika siku zao. Maumivu ya kawaida huja siku ya kwanza au ya pili, hutulia kwa kidonge kimoja au viwili, na hayamzuii mtu kufanya kazi zake. Lakini yapo maumivu ya aina nyingine. Haya humwangusha mtu kitandani kila mwezi, humtapisha, humfanya aogope kwenda haja, na mara nyingine huendelea hata baada ya hedhi kwisha. Maumivu ya aina hii si ya kuvumilia. Yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa uitwao endometriosisi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba ugonjwa huu humpata mwanamke mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa, yaani takriban wanawake na wasichana milioni 190 ulimwenguni. Shirika hilo linasema pia kwamba wengi huteseka kati ya miaka minne na 12 kabla ya kujua wanaugua nini.

Hapa Kenya, wengi walilisikia jina la ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kupitia kwa mtangazaji Njambi Koikai, aliyefahamika pia kama Fyah Mummah Jahmby. Kwake yeye ugonjwa ulikuwa umefika hadi kifuani na kuyadhuru mapafu, akalazimika kwenda kutibiwa Marekani mwaka 2018. Aliporudi alizunguka akiwahimiza wasichana wasinyamaze. Alifariki jijini Nairobi tarehe 3 Juni 2024.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Ndani ya mji wa uzazi kuna utando laini ambao hukua kila mwezi ukijitayarisha kupokea mimba. Mimba isipotungwa, utando huo hubomoka na kutoka kama damu ya hedhi. Kwa mwanamke mwenye endometriosisi, vipande vya utando unaofanana na huo huota mahali ambapo havikustahili kuwa: kwenye ovari, nyuma ya mji wa uzazi, kwenye kibofu cha mkojo au juu ya matumbo.

Vipande hivyo hufuata mwendo uleule wa mwezi. Hukua, huvimba na kutoa damu, lakini damu hiyo haina njia ya kutokea. Sehemu hizo huwaka, hupata makovu, na viungo ambavyo vingepaswa kuteleza kimoja juu ya kingine hugandamana. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa huumwa wanapokwenda haja kubwa au ndogo, wanapokutana na waume zao, au hata wanapoinama kuteka maji. Wengine hupata shida ya kushika mimba.

Jina la endometriosisi lilianza kutumiwa katika miaka ya 1920 na Dkt John Sampson wa Albany, jimbo la New York, Marekani. Kwa miaka mingi baada yake, madaktari wa huko waliamini kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye uwezo. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Chicago, Donald Chatman, aliandika kuhusu wagonjwa wake weusi aliowachunguza kwa kamera tumboni, na akaonyesha kwamba wengi waliokuwa wameambiwa wana maambukizi ya viungo vya uzazi kumbe walikuwa na endometriosisi.

Kosa hilo la kale bado lina watoto na wajukuu. Katika zahanati nyingi za mashambani, mwanamke anayelalamikia tumbo la chini hupewa dawa za kuua viini. Akirudi mwezi ujao, hupewa nyingine. Mara huambiwa ni homa ya matumbo, mara ni minyoo, mara ni vidonda vya tumbo. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna kichocho pia, ambacho huumiza tumbo kwelikweli. Magonjwa hayo yote yapo na yanafaa kupimwa. Lakini kama umetibiwa maambukizi mara tatu au nne na maumivu yanarudi kila mwezi pamoja na hedhi, ni haki yako kumuuliza daktari: "Je, inaweza kuwa endometriosisi?"

Kwa nini bila homoni?

Matibabu ambayo madaktari hutanguliza mara nyingi ni ya homoni: vidonge vya kupanga uzazi, sindano, vijiti vya mkononi, au koili yenye homoni. Dawa hizi huzuia utando usikue na huwasaidia wanawake wengi. Hazileti utasa kama inavyodaiwa vijijini, ingawa baada ya kuacha sindano huenda ikachukua miezi kadhaa kabla mwanamke ashike mimba. Hatusemi ziachwe.

Hata hivyo, si kila mtu anayeweza kuzitumia au anayezitaka. Mwanamke anayetafuta mtoto hawezi kutumia dawa inayozuia mimba. Aliyewahi kuganda damu mguuni au kuugua saratani ya matiti hukatazwa baadhi ya hizo au zote. Wapo wanaopata maumivu makali ya kichwa, kutokwa na damu ovyo au huzuni isiyoelezeka. Wapo pia wazazi ambao, binti wa kidato cha pili akipewa vidonge vya kupanga uzazi, huona haya majirani watasema nini. Mzazi wa aina hiyo afaa kuelezwa kwamba hapa vidonge hivyo hutumiwa kama dawa ya ugonjwa. Lakini akikataa katakata, binti asiachwe akilia chumbani. Zipo njia nyingine.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Njia tutakazozitaja hutuliza maumivu. Hazing'oi ugonjwa, na mpaka sasa hakuna dawa ya kuuponya kabisa, iwe ya homoni au isiyo ya homoni.

Vidonge: wakati ni muhimu kuliko wingi

Mwili unapokuwa katika hedhi hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizi ndizo huukaza mji wa uzazi na kuleta uchungu. Dawa za kundi la ibuprofeni (wengi huiita Brufen), asidi ya mefenamiki (Ponstan), diklofenaki na naprokseni huzuia kemikali hizo zisitengenezwe.

Hapa ndipo wengi hukosea. Msichana hungoja mpaka ameanza kutapika ndipo ameze kidonge. Wakati huo kemikali zimeshatapakaa, na kidonge chenyewe huenda kikatapikwa. Ukijua siku zako, anza dawa mara tu dalili za kwanza zinapoonekana, au siku moja kabla, kisha uimeze kwa saa zilizopangwa kwa siku mbili au tatu. Kwa kawaida mtu mzima humeza ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku, au asidi ya mefenamiki miligramu 500 mara tatu kwa siku, kila mara baada ya kula. Kwa msichana mdogo, mwenye duka la dawa au daktari apime kipimo kinacholingana na umri na uzani wake.

Je, zinafaa kweli? Mwaka 2015 wataalamu wa mtandao wa utafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 80 yaliyohusisha wanawake 5,820 wenye maumivu ya hedhi, wakaona kwamba dawa za kundi hili huyashinda waziwazi vidonge visivyo na dawa ndani. Kwa wale waliothibitishwa kuwa na endometriosisi, majaribio ni machache mno, kwa hivyo daktari mkweli atakwambia ujaribu kwa miezi mitatu, uone. Kama aina moja haikusaidii, nyingine yaweza kukufaa. Lakini usichanganye mbili za kundi hilo. Kumeza Brufen asubuhi na kwenda kudungwa sindano ya diklofenaki jioni hakuongezi nafuu, bali huongeza madhara.

Parasetamoli, ile ambayo wengi huiita Panadol, ni dhaifu zaidi lakini ni salama zaidi kwa tumbo na figo. Yaweza kutumiwa peke yake au pamoja na ibuprofeni. Mtu mzima asipitishe gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500.

Kuhusu tramadoli na dawa nyingine za jamii ya afyuni, tahadhari. Hufunga choo, jambo linalozidisha uchungu wa endometriosisi, na mwili huzizoea upesi mpaka mtu akashindwa kuziacha. Zisinunuliwe bila maandishi ya daktari.

Onyo kwa wanaotumia ARV

Hili ni neno ambalo halisemwi vya kutosha katika sehemu za Nyanza Kusini. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye idadi kubwa ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi nchini. Wengi wao humeza kidonge kimoja kwa siku ambacho ndani yake mna dawa iitwayo tenofoviri. Dawa hiyo imeokoa maisha ya maelfu, lakini kwa watu wachache huweza kusumbua figo. Ibuprofeni, diklofenaki na nduguze nazo huzibana figo. Zikikutana, hasa kwa vipimo vikubwa au kwa siku nyingi mfululizo, figo zaweza kushindwa kufanya kazi ghafla.

Maana yake si kwamba uache ARV. Usiziache hata siku moja. Maana yake ni kwamba mwanamke anayetumia ARV na anayeumwa kila mwezi amweleze mhudumu wa kliniki yake waziwazi, figo zipimwe, na aulize kama aanze na parasetamoli na joto kabla ya kufikiria dawa nyingine. Anayeona haya kuitaja ARV mbele ya watu dukani na aende kununulia dawa katika hospitali anakochukulia dawa zake, ambako faili yake tayari inajulikana.

Wengine wanaopaswa kuepuka ibuprofeni na nduguze, au kuzitumia kwa ushauri wa daktari pekee, ni wenye vidonda vya tumbo, wenye pumu inayochochewa na aspirini, wenye ugonjwa wa figo au moyo, wenye selimundu, na wajawazito. Kadhalika mtu aliyetapika na kuharisha kwa sababu ya malaria asizimeze kabla ya kurudisha maji mwilini. Na mwanamke anayetafuta mimba asizimeze kila siku katikati ya mwezi, kwani zaweza kuchelewesha yai lisitoke. Azitumie siku za hedhi tu.

Joto, dawa iliyo jikoni

Bibi zetu walijua kukanda tumbo kwa kitambaa kilichochovywa katika maji moto, na sayansi imewaunga mkono. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba ukanda wa joto la nyuzi 39 hivi, ukivaliwa tumboni, ulituliza maumivu ya kawaida ya hedhi sawasawa na ibuprofeni ya miligramu 400.

Si lazima kununua kitu cha gharama. Mpira wa maji moto unatosha. Asiyekuwa nao na achukue chupa imara isiyovuja, aijaze maji moto yasiyochemka, aifunge kwa taulo na kuiweka chini ya kitovu au kiunoni kwa dakika 20 hivi. Joto liwe la kustarehesha. Wapo wanawake waliobabuka ngozi kwa kuweka chupa inayochoma wakidhani ndiyo nguvu ya dawa.

Kipo pia kifaa kidogo cha betri kiitwacho TENS. Hubandikwa tumboni au mgongoni na kupeleka mtetemo mwepesi wa umeme unaoivuruga njia ya maumivu kuelekea kwenye ubongo. Hakina kemikali na chaweza kutumiwa na mtu anayeendelea na shughuli zake. Wasikitumie wenye kifaa cha umeme moyoni wala wajawazito bila kumwona daktari.

Viungo vilivyokazana

Mtu anayeumwa kila mwezi hujikaza bila kujua. Misuli ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na mji wa uzazi, hubaki imekunjwa kama ngumi. Baada ya miaka michache, misuli hiyo yenyewe huwa chanzo cha pili cha maumivu. Hata ugonjwa ukitibiwa, ngumi haijafunguka.

Hapa anayehitajika ni mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali za rufaa za kaunti huwa na idara hiyo, ingawa wengi hudhani ni ya waliovunjika miguu tu. Mtaalamu humfundisha mgonjwa kuvuta pumzi hadi tumboni, kulegeza misuli ya nyonga, na kunyoosha mgongo na mapaja. Ukifika, sema wazi kwamba shida yako ni ya nyonga na hedhi, na uliza kama yupo mhudumu wa kike ikiwa ndivyo utakavyokuwa huru zaidi.

Mazoezi ya kawaida nayo husaidia. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2019 uliona kwamba mazoezi ya dakika 45 hadi 60, mara tatu kwa wiki, yaelekea kupunguza maumivu ya hedhi kwa kiasi cha kuonekana. Kutembea kwa kasi kunatosha. Lakini mwalimu wa michezo asimlazimishe msichana kukimbia siku anayojikunja.

Dawa za mishipa ya fahamu na ushauri nasaha

Maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu huzoea kupiga kengele hata palipo na moto mdogo. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huandika amitriptilini kwa kipimo kidogo, usiku. Ni dawa ya bei nafuu iliyoanzia katika matibabu ya huzuni, na kupewa hiyo si kuitwa mwendawazimu. Huwasaidia wengine, si wote, na huleta usingizi na ukavu wa mdomo.

Gabapentini nayo ilitarajiwa sana. Mwaka 2020 jarida la The Lancet lilichapisha majaribio ya Uingereza ya wanawake 306 wenye maumivu sugu ya nyonga ambayo chanzo chake hakikuonekana kwa kamera. Dawa hiyo haikuwatuliza kuliko vidonge visivyo na dawa, na iliwaletea kizunguzungu zaidi. Kwa hivyo ukiandikiwa, uliza sababu.

Ushauri nasaha hauondoi makovu, lakini humfunza mtu kuishi bila kutawaliwa na hofu ya tarehe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mara nyingi kinachomvunja mgonjwa zaidi ya uchungu wenyewe ni kutoaminiwa.

Upasuaji

Njia hizo zikishindwa, au uvimbe ukionekana kwenye ovari, au mimba ikikataa kushika, upasuaji hufikiriwa. Ulio bora ni wa laparoskopi: daktari hupasua vitundu vidogo tumboni, huingiza kamera na vyombo vyembamba, kisha huviondoa vipande vya ugonjwa na kuvitenganisha viungo vilivyogandamana. Mgonjwa hupona upesi kuliko kwa upasuaji wa tumbo wazi.

Zamani ilisemwa kwamba bila laparoskopi ugonjwa hauwezi kutajwa. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2022 uliibadili kauli hiyo. Daktari aweza kuanza matibabu kwa kutegemea maelezo ya mgonjwa na skani. Hii ni habari njema kwa mtu wa Nyatike au Ndhiwa aliye mbali na mitambo. Lakini ajue kwamba skani ya kawaida inaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo, kwa kuwa vipande vidogo havionekani.

Upasuaji hupunguza maumivu kwa wengi, ila si kwa wote, na ugonjwa hurudi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba hurudi kwa mmoja kati ya watano katika miaka miwili, na kwa karibu nusu katika miaka mitano. Kung'oa mji wa uzazi nako si hakikisho, kwa kuwa ugonjwa wenyewe umo nje yake. Asiyezaa asikubali uamuzi huo kabla ya kusikia maoni ya daktari wa pili.

Upasuaji wa kamera unahitaji daktari aliyebobea. Kutoka Homa Bay na Migori, safari kwa kawaida huanzia katika hospitali ya rufaa ya kaunti, ambako daktari wa wanawake huandika barua ya kwenda Kisumu, Eldoret au Nairobi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Jisajili mapema, na kabla ya kulazwa uliza kwa maandishi bima italipa kiasi gani na wewe utatoa kiasi gani.

Mitishamba, chakula na chira

Tangawizi imeonyesha dalili ya kusaidia katika tafiti ndogondogo za maumivu ya hedhi, na kikombe cha chai yake hakina ubaya. Samaki na omena wana mafuta mazuri kwa mwili, na mboga na matunda huzuia choo kufunga. Hata hivyo hakuna chakula kilichothibitishwa kuiponya endometriosisi. Anayekuuzia unga wa maelfu ya shilingi kwenye kituo cha matatu akiapa kwamba "unasafisha mji wa uzazi" anasafisha mfuko wako. Hasa usiweke kitu chochote ukeni kwa jina la kusafisha.

Katika nyumba nyingine za Waluo, mwanamke anayeumwa na asiyezaa hudhaniwa ana chira, yaani amepatwa kwa sababu mwiko fulani umevunjwa. Nyumba hutafuta manyasi, na mke hulaumiwa. Familia inayotaka kutimiza desturi zake haizuiwi. Lakini ugonjwa huu haumjii mtu kwa kuvunja mwiko wala kwa tabia mbaya. Unaweza kumpata binti ambaye hajawahi kujua mume. Miezi inayopotea kwa lawama ni miezi ambayo makovu yanaongezeka.

Nyumbani na shuleni

Kenya iliondoa ushuru kwenye sodo mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 ikaipa serikali jukumu la kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo. Ni hatua za kujivunia. Lakini sodo huzuia damu, haizuii maumivu. Tuseme msichana wa kidato cha tatu katika shule ya bweni hukosa siku tatu kila mwezi. Kwa muhula wa miezi mitatu amepoteza siku tisa, karibu wiki mbili za masomo. Akifika kwenye KCSE na siku zake ziangukie siku ya hesabu, nani atamlipa?

Shule yaweza kusaidia kwa mambo madogo: maji moto yapatikane, matroni aruhusiwe kutunza dawa zilizoandikwa na daktari na kumpa msichana kwa wakati, na ruhusa ya kulala saa moja isigeuzwe kesi. Baba naye asijitoe. Mara nyingi yeye ndiye mwenye nauli ya kwenda hospitali, na akielewa, safari inayongojewa miaka huanza kesho yake.

Hatua za kuchukua

Wewe unayeumwa, au mzazi wa anayeumwa, anza hivi. Chukua daftari la kawaida. Kwa miezi mitatu andika tarehe hedhi ilipoanza na kuisha, maumivu kwa alama kutoka sifuri hadi kumi, yalipokuwa, dawa uliyomeza na saa uliyoimeza, na siku ulizokosa shule au kazi. Nenda na daftari hilo hospitalini. Mgonjwa akisema "naumwa sana" husahaulika, lakini aliye na kurasa tatu za tarehe ni vigumu kumpuuza.

Ukimwona daktari, muulize maswali manne: Je, hii yaweza kuwa endometriosisi? Ni dawa ipi isiyo ya homoni ninayoweza kuanza nayo, na ina hatari gani kwangu mimi pamoja na dawa ninazotumia sasa? Nitajuaje kwamba imeshindwa? Na ikishindwa, utanituma wapi?

Usingoje kliniki ukipata maumivu ya ghafla ya upande mmoja, homa, kuzirai, damu nyingi inayolowanisha sodo kila saa, au maumivu makali ilhali hedhi imechelewa. Hiyo yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi, na huua kwa saa chache. Kimbilia hospitali, hata kama ni usiku na kwa bodaboda.

Na kwa sisi tulio karibu na mgonjwa, jambo la kwanza la kubadilisha ni lile neno "vumilia". Mahali pake tuweke swali: "Yanakuuma kiasi gani, na tangu lini?" Halafu tumsikilize mpaka amalize.